Mbili na Nusu

Watu wa maji walikuja asubuhi moja na sururu na makoleo, wakachimba mtaro mbele ya milango ya nyumba zilizo nyuma ya kiwanda cha mbao. Wakasema wanakwenda kuleta mabomba. Huko walikokwenda kuyaleta mabomba sijui ni nchi gani, maana mvua zilianza, zikaisha, zikaanza tena, na mtaro ukabaki palepale kama mgeni asiyejua kuaga.

Nyumba zenyewe ni safu moja. Nyuma yake ni ukuta wa kiwanda, mrefu, umepandwa vipande vya chupa juu. Mwisho wa huku ukuta uleule unakata kona, na mwisho wa kule kuna shimo kubwa la kuungia mabomba, limejaa maji machafu. Njia ya kutokea ni mbele tu, na mbele ni mtaro. Mtu mzima akisimama ndani yake, anayepita nje huona kofia yake basi. Upana wake si wa kutisha, hilo lisemwe wazi: watoto wa shule waliuruka mikoba ikiwa mgongoni, tena wakigombana. Lakini kingo zilikuwa za udongo tepetepe, zinamegeka, na chini kuna tope la kunata.

Kwa hiyo watu wazima walihesabu. Wapo waliokuwa na vyeo vyao huko mjini, lakini wakifika ukingoni wote walikuwa sawa. Mwalimu alihesabu kurudi nyuma, tatu, mbili, moja, kwa sauti ya darasani. Kinyozi alichezesha midomo tu, ila vidole vyake vilimsaliti, vilikuwa vikijikunjua kimoja kimoja. Mama muuza mkaa alianza kwenda kumi na hakufika kumi hata mara moja, saba ilimkuta hewani. Bibi wa chumba cha mwisho hakutaka namba kabisa. Alitaja watoto wake kuanzia mkubwa, na alipofika kwa kitindamimba, yule aliyemsumbua kuliko wote, aliruka kwa hasira akafika.

Fundi cherehani ndiye aliyeshindwa. Si mzee, si mgonjwa. Ni mama wa makamo, mwili umejaa, na tangu utotoni hapendi miguu yake iachane na ardhi. Alisimama ukingoni, akakusanya gauni, akahesabu moja, akahesabu mbili, kisha ile tatu ikamkaa kooni. Akajiongezea muda: mbili na nusu. Mbili na nusu kidogo. Watoto waliomsikia hawakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Tangu siku ile, akichungulia tu mlangoni, husikia nje, "Mbili na Nusu huyo." Akajifanya hasikii. Aliporudi ndani alikanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu hadi sindano ikakatika.

Mwenye duka wa ng'ambo aliwahi kuleta ubao. Alitoza kidogo, wenye haraka wakalipa. Fundi naye alitoka na hela yake mkononi, mwenye duka akamtazama kutoka juu hadi chini, akautazama ubao, akasema kwa adabu zote, mbele za watu, "Mama yangu, ubao huu una kilo zake." Watu walicheka kidogo, wengine walikohoa. Fundi alirudi ndani na hela yake. Wiki iliyofuata ubao ulivunjika chini ya mwenye duka mwenyewe, naye Fundi, Mungu amsamehe, alifurahi siku nzima.

*

Mumewe ni dobi. Wanafanya kazi chumba kimoja cha mbele: huku cherehani, kule meza ya kupigia pasi yenye blanketi lililoungua ungua, katikati kamba ya nguo za watu. Yeye humwita mumewe Dobi, mumewe humwita Fundi, na binti yao aliyeolewa mbali huwacheka kwamba wanaitana kama wateja. Kabla ya mtaro hawakuwahi kukosa kazi. Baada ya mtaro wateja walirusha mafurushi kutoka ng'ambo, Dobi akadaka. Shati moja jeupe la bwana harusi lilitumbukia kwenye tope. Dobi alilifua mpaka likang'aa, lakini bwana harusi alikuwa ameshaona, na habari ikasambaa.

Ndipo Dobi alipokata shauri kwamba watakwenda wote wawili kwenye ofisi ya maji, wakaseme. Mtu mmoja hufukuzwa, alisema, mume na mke hupewa viti. Akapiga pasi suruali yake ya kijivu, mkunjo ukawa wa kukata kucha. Fundi alimuuliza yeye mtaro ataukwepaje. Dobi akajibu kwamba hataukwepa, ataruka naye, mkono kwa mkono. Atakayehesabu ni yeye Dobi.

"Tunaruka kwenye tatu," alimwambia ukingoni. "Si baada ya tatu. Kwenye tatu yenyewe. Umeelewa?"

Fundi akasema ameelewa. Safu nzima ilikuwa milangoni. Dobi akamshika mkono, akahesabu moja. Akahesabu mbili. Baada ya hapo Fundi hakumbuki vizuri. Anakumbuka mkono wake ukivutwa kama unataka kung'oka begani, vidole vikiteleza, kisha sauti ya kitu kizito kwenye tope, kisha ukelele ambao hakujua mumewe anao. Yeye alikuwa palepale alipokuwa, mkavu, viatu vyake viking'aa. Tatu hakumbuki kuisikia. Lakini hofu huziba masikio, alijiambia, na waliokuwa milangoni walichoona walikiona: mume ameruka, mke amebaki, mume yuko chini na mguu umekaa vibaya.

Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Wanaume wanne walishuka kwenye tope, wakamtoa Dobi upande wa ng'ambo, wakampakia garini. Simu yake ilibaki chini huko. Fundi alikimbia kwenda na kurudi kandokando ya mtaro mpaka gari lilipopinda kona, na watu wote walimwona akikimbia kwenda na kurudi, wala hakuruka.

*

Habari za hospitali zilimfikia kupitia wifi yake. Huyu wifi ni dada mkubwa wa Dobi, mpishi wa shule, mwanamke aliyezoea kuzungumza juu ya masufuria yanayochemka, na hata kwenye simu huwezi kumwambia apunguze. Mfupa umewekwa sawa, alisema. Amefungwa plasta mpaka hapa, na Fundi akalazimika kukisia hapa ni wapi. Anakula kidogo. Anaangalia dirishani.

Fundi alimuomba ampe simu waongee. Kila mara kulikuwa na sababu. Amelala. Daktari yupo. Chaji imekwisha. Basi akampa ujumbe, amwambie pole, amwambie moyo wake uko huko. Wifi akasema atamwambia. Alimwambia vipi, hilo Fundi hakulijua, maana wifi si mtu wa kupeleka neno likafika na uzito uleule liliotoka nao.

Siku zikaenda. Kila asubuhi Fundi alivaa, akatoka, akasimama ukingoni kabla watu hawajaamka. Moja. Mbili. Anarudi ndani. Sasa haikuwa mtaro peke yake. Hata akiuruka, atamwambia nini mgonjwa? Kwamba leo nimeweza, siku ile sikuweza? Akawa anajifungia, anashona nguo ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua. Meza ya pasi aliifunika kwa shuka ili asiione.

Ijumaa wifi alipiga simu, safari hii hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyomtisha Fundi.

"Kesho wanamtoa," wifi alisema. "Mimi namchukua, namleta kwangu. Huko kwenu ataingiaje? Na akishaingia, atamhudumia nani?"

"Mimi mkewe nipo, wifi."

"Upo wapi? Kaka yangu amelala hospitali muda wote huu, mke hajamwona hata kisigino. Mimi sikulaumu, wifi yangu. Lakini akishafika kwangu usije ukasema nimekuibia mume. Wewe ndiye uliyemwachia."

Neno lile la mwisho alilitamka taratibu, likaingia lilipokusudiwa. Fundi alibaki na simu sikioni baada ya mwenzake kukata. Alijua mume akishaingia kwenye nyumba ya wifi hatoki upesi. Atapewa chumba, atapewa redio, atasikia kila siku asubuhi na jioni jinsi mkewe alivyomwachia, na mtu akisikia jambo kila siku huliamini. Mguu utapona, lakini atakaporudi hatakuwa Dobi yule. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

*

Jumamosi alivaa gauni la bluu, akafunga kitambaa, akajikaza, akatoka mchana kweupe. Watu wakaja milangoni. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu nusu, naye mteja akatoka na shuka lake shingoni ili asikose. Mama muuza mkaa akasema kwa upole, "Ruka tu, mwenzangu, usihesabu sana." Ushauri mzuri kwa mtu ambaye tayari ameshaanza kuhesabu.

Alihesabu moja. Alihesabu mbili. Alitazama ng'ambo, kule ardhi ilikuwa ileile kama ya huku, na bado ilikuwa mbali. Akasikia mtoto mmoja akinong'ona, "Na nusu," na wenzake wakijiziba midomo. Fundi alikaa chini pale ukingoni na gauni lake la bluu, akalia mbele za watu. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kama mtu aliyefiwa. Watoto waliona aibu wakaondoka. Bibi wa chumba cha mwisho akamwinua, akamrudisha ndani.

Hakukaa sana, akasikia honi. Kisha sauti ya wifi, ile ya juu ya masufuria.

"Wifi! Nataka nguo za kaka yangu. Funga furushi, rusha."

Fundi alitandaza kanga kitandani akaanza kupanga. Mashati matatu. Suruali ile ya kijivu, ambayo kinyozi, aliyemsindikiza Dobi hospitali, aliirudisha ikiwa imekauka na tope, naye akaifua mara kwa mara mpaka ikawa safi, ila mkunjo haukutaka kurudi. Taulo. Wembe. Alifunga pembe za kanga, akafungua, akatia na koti kwa ajili ya baridi ya asubuhi, akafunga tena. Alifanya yote hayo bila haraka, na yeye mwenyewe alishangaa. Mtu akishaona limeisha, hutulia.

Alipotoka nje aliona pikapu imeegeshwa ng'ambo, na nyuma yake, juu ya godoro, mguu mweupe umenyooshwa. Hakujua kwamba wamemleta. Dobi alikuwa ameegemea ubavu wa gari, amekonda, ndevu zimeota ovyo. Walitazamana. Kati yao mtaro.

"Rusha basi," wifi alisema. "Dereva ana safari nyingine."

Fundi alinyanyua furushi kichwani.

"Usirushe," Dobi alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini watu walinyamaza, ikafika. Wifi akamwambia asijichoshe. Dobi akamwomba dada yake anyamaze kidogo, jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwomba tangu azaliwe, na wifi kwa mshangao akanyamaza.

"Fundi, hukuja kuniona."

"Sikuweza."

"Nilidhani umekasirika. Nikasema ana haki. Siku zote nilikuwa nawaza nitakwambiaje." Dobi alijifuta uso kwa kiganja, akatazama watu waliojaa milangoni, akaona haina maana kusubiri faragha kwenye mtaa ule. "Mimi sikufika kwenye tatu. Niliruka kwenye mbili."

Fundi aliteremsha furushi.

"Sema tena."

"Niliruka kwenye mbili. Niliogopa. Nilijua nikiingoja ile tatu nitabaki pale na wewe tutazamane, nami ndiye niliyejifanya mwanaume. Basi nikasema acha niimalize. Wewe ulikuwa unangoja tatu kama tulivyokubaliana. Hukuniachia. Ni mimi niliyechomoka mkononi mwako."

Msumeno wa kiwandani ulisikika ukikata ubao. Kinyozi alitazama vidole vyake.

Mimi nikisimulia hapa ningependa kusema Fundi alilia kwa furaha. Hakulia. Hasira ilianzia kwenye nyayo, ikapanda. Aliona asubuhi zote zile alizosimama ukingoni akijilaumu. Aliona wifi na simu yake. Aliona watoto na jina lao, na meza ya pasi aliyoifunika shuka kama maiti, na zaidi ya yote aliiona ile suruali aliyoifua na kuifua kwa dhambi ambayo si yake.

"Dobi," alisema, "wewe ulijua. Umelala huko unajua. Mimi huku watu wananihesabia nusu, na wewe unajua? Ngoja nije."

Akaja. Alikuja na furushi lake kifuani, gauni la bluu limempanda magotini, na wale waliokuwepo wanasema hakuchukua hata hatua ya kujiandaa. Ukingo wa ng'ambo ulimegeka chini ya kisigino chake, kiatu kimoja kikaenda na udongo, lakini mwenyewe alikuwa ameshapita, amefika kwenye pikapu, amempiga mumewe begani kwa furushi la nguo zake mwenyewe, mara moja, mara mbili. Ya tatu haikutoka. Alishusha furushi, akamshika Dobi kichwa, akakiweka shingoni kwake, na hapo ndipo alipolia, na Dobi naye, na plasta yake ikagonga ubavu wa gari akaguta kwa maumivu huku anacheka.

Nyuma yao, ng'ambo, mtoto mmoja alisema kwa masikitiko, "Hajahesabu."

Fundi aligeuka. Ndipo alipouona mtaro kwa upande mwingine, na kiatu chake kimoja chini kule kwenye tope, na mlango wake wazi, mbali. Hofu ilitaka kumrudia, lakini ilikuwa imechelewa, akabaki anacheka peke yake hadi akashika mbavu.

*

Wifi alisema basi twendeni wote kwangu, chumba kipo. Sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi kadhaa. Alisema pia kwamba yeye aliambiwa na watu, hakutunga, na kama kuna neno lilimuumiza mtu basi lisahaulike. Kwa wifi huo ulikuwa msamaha mkubwa, na Fundi aliupokea palepale kabla mwenyewe hajaghairi. Lakini Dobi alitaka kwake. Alisema amechoka kulala kwenye mashuka ambayo hayakupigwa pasi.

Basi kiti cha Mwalimu kikaletwa, kile chenye mikono. Dobi akakalishwa, akafungwa kwa kanga ya furushi asiteleze. Wanaume wawili walishuka kwenye tope, wawili wakabaki huku kwenye pikapu, wawili kule milangoni, kiti kipite juu kwa juu, mikono hadi mikono. Mwalimu alikuwa huku, dereva wa pikapu pembeni yake, kinyozi na mteja wake chini, mteja bado nusu ya kichwa ina nywele. Wakashika. Ikawa sasa ni nani atahesabu, na tunanyanyua kwenye tatu au baada ya tatu, na je tunarudi nyuma au tunakwenda mbele. Mwalimu alianza, tatu, mbili, na dereva akanyanyua upande mmoja, Dobi akainama kama mzigo wa kuni, akapiga kelele.

"Wekeni chini," Fundi alisema. "Nitahesabu mimi."

Walimtazama. Hakuna aliyecheka.

"Kwenye tatu," aliwaambia. "Si baada yake. Wala si kabla." Alimtazama Dobi, na Dobi akaangalia mguu wake. "Moja. Mbili."

Akanyamaza kidogo, makusudi, na wanaume sita na mgonjwa wao wakangoja hapo bila kupumua. Wifi naye alingoja, mkono kinywani.

"Tatu."

Kiti kilipanda sawasawa, kikaelea juu ya mtaro, kikapokelewa ng'ambo, kikatua mbele ya mlango kama kimezoea. Bibi wa chumba cha mwisho alipiga kigelegele kimoja kifupi. Wanaume walipanda kutoka kwenye tope, mteja wa kinyozi akiwa ameshika kiatu cha Fundi, akakirusha huku, Fundi akakidaka, akakivaa na tope lake.

Mwalimu aliruka kufuata kiti chake, dereva akarudi garini. Sasa safu nzima ilikuwa kule, na yeye yuko huku na wifi yake. Watoto walijipanga ukingoni. Safari hii hawakuwa na uso wa kuchokoza, walikuwa na uso wa kutaka kuona. Dobi alikuwa kwenye kiti cha Mwalimu, mguu umenyooka, kanga imemfunga tumboni.

"Ukitaka usiku kucha, chukua," alimwambia. "Mimi leo siendi popote."

Wifi alimshika mkono Fundi kumsaidia. Fundi akautoa ule mkono polepole, akamwambia asante, wifi yangu, lakini huu naujua mwenyewe. Akakusanya gauni.

Akasema moja. Akasema mbili. Watoto wote, na Mwalimu, na muuza mkaa, na mumewe, wakasema naye ile iliyofuata, na yeye ndiye aliyetangulia kuitamka.